Faili ya Maktaba Ikikosekana: Namna ya Kupata Kifurushi Chake Katika Linux

SOMO LA KOMPYUTA KWA WAKAZI

Katibu wa kikundi cha akina mama amepakua programu ya kuhariri video ili atayarishe filamu fupi kuhusu mradi wao wa ufugaji wa kuku. Kompyuta anayotumia ni kuukuu, lakini imewekewa Ubuntu, mojawapo ya mifumo endeshi ya familia ya Linux ambayo hailipiwi leseni. Anabofya alama ya programu mara mbili. Kimya. Anabofya tena. Hakuna dirisha linalofunguka wala neno linaloandikwa kwenye skrini. Bando la intaneti limepungua, na wageni wa mradi wanatarajiwa kesho yake asubuhi.

Mtu aliye katika hali hiyo huamua upesi kwamba programu ni mbovu au kompyuta imezeeka. Wengine hupakua programu upya na kumaliza bando. Wengine hunakili amri yoyote wanayoikuta mtandaoni, na hapo ndipo hasara kubwa hutokea, kwa kuwa amri isiyofaa inaweza kuondoa sehemu muhimu za mfumo mzima. Kumbe mara nyingi kinachokosekana ni faili moja ndogo, na kompyuta yenyewe iko tayari kuitaja kwa jina. Somo hili linaeleza jinsi ya kulisoma jina hilo na kutafuta kifurushi chenye faili hiyo bila kubahatisha.

MAKTABA NI NINI?

Kijijini, si kila boma lina mashine yake ya kusaga mahindi. Familia nyingi hutegemea kisiagi kimoja. Kila mtu huja na debe lake, husagiwa, kisha huenda zake na unga. Kisiagi kikifungwa, mahindi yatakuwapo nyumbani lakini ugali hautapikwa.

Programu za kompyuta nazo hufanya hivyo. Kuna kazi ambazo programu nyingi huzihitaji, kama vile kuchora picha kwenye skrini, kufungua faili zilizobanwa au kuwasiliana kwa usalama mtandaoni. Badala ya kila programu kubeba maagizo yake ya kazi hizo, maagizo huwekwa mahali pamoja ili yatumiwe na programu zote. Mkusanyiko huo wa maagizo ndio unaoitwa maktaba. Katika Linux, jina la faili ya maktaba huanza kwa herufi "lib" na huwa na ".so" ndani yake.

Faili hizo hazisambazwi moja moja. Hufungwa pamoja katika vifurushi, na vifurushi huhifadhiwa kwenye hazina rasmi ya mfumo endeshi husika. Tatizo ni kwamba jina la kifurushi si lazima lifanane na jina la faili iliyomo. Ndiyo maana kukisia jina la kifurushi kwa kutazama jina la faili kunaweza kumpotosha mtumiaji.

HATUA YA KWANZA: KUUSOMA UJUMBE

Programu inapokataa kufunguka kimyakimya, huwa imetoa ujumbe ambao mtumiaji hauoni. Ili auone, anapaswa kuifungua programu hiyo kupitia terminali, yaani dirisha la kuandikia amri. Katika Ubuntu, terminali hufunguliwa kwa kubonyeza Ctrl, Alt na T kwa pamoja.

Tuseme faili iliyopakuliwa inaitwa video.AppImage na imo katika folda ya Downloads. Mtumiaji huandika amri hizi tatu, moja baada ya nyingine, na kubonyeza Enter kila mara:

cd ~/Downloads
chmod +x video.AppImage
./video.AppImage

Amri ya kwanza huingia kwenye folda. Ya pili huipa faili ruhusa ya kuendeshwa kama programu. Ya tatu huifungua. Katika kompyuta yenye Ubuntu 22.04, programu nyingi za aina ya AppImage hujibu hivi:

dlopen(): error loading libfuse.so.2
AppImages require FUSE to run.

Maana yake ni kwamba programu imeitafuta faili ya maktaba inayoitwa libfuse.so.2 na haikuipata. FUSE ni chombo kinachomwezesha mtumiaji wa kawaida kufungua faili moja kana kwamba ni diski nzima. AppImage hukihitaji kwa sababu programu yote imefungwa ndani ya faili hiyo moja. Ubuntu 20.04 ilikuja na maktaba hiyo tayari, lakini kuanzia toleo la 22.04 haiwekwi tena tangu mwanzo. Hivyo basi, programu iliyofanya kazi vizuri mwaka uliopita inaweza kugoma mara tu mfumo unapopandishwa hadi toleo jipya. Baadhi ya AppImage za siku hizi hazihitaji tena maktaba hiyo, ndiyo maana programu moja hufunguka na nyingine hukataa kwenye kompyuta ile ile.

Programu za aina nyingine huutoa ujumbe kwa maneno tofauti kidogo. Huu ni mfano unaoonekana mara kwa mara:

error while loading shared libraries: libGL.so.1: cannot open shared object file: No such file or directory

Katika ujumbe wowote wa namna hii, kinachotakiwa ni jina linaloanza kwa "lib". Mtumiaji aliandike jinsi lilivyo, pamoja na herufi kubwa, herufi ndogo na tarakimu ya mwisho. Kwa Linux, libGL na libgl ni majina mawili tofauti.

Tarakimu ya mwisho ina uzito wake. Fundi wa bodaboda akiagiza kipuri kwa namba, muuzaji hawezi kumpa chenye namba nyingine kwa sababu tu vinafanana kwa macho. Vivyo hivyo, libfuse.so.2 na libfuse3.so.3 ni za ukoo mmoja, lakini programu iliyoundwa kwa ajili ya moja haiwezi kutumia nyingine.

MTEGO WA KUBAHATISHA

Ujumbe umetaja neno FUSE. Mtu mwenye haraka huona jibu limekwisha kupatikana, akaandika:

sudo apt install fuse

Amri hii isitumiwe kwenye Ubuntu 22.04 na matoleo yaliyofuata. Watengenezaji wa AppImage wametoa onyo la wazi juu yake. Kifurushi kinachoitwa fuse hugongana na kingine kinachoitwa fuse3, na sehemu kadhaa za eneo la kazi la Ubuntu hutegemea fuse3. Ili kuingiza kimoja, mfumo huweza kupendekeza kukiondoa kingine pamoja na vyote vinavyokitegemea. Akikubali bila kusoma, mtumiaji anaweza kuwasha kompyuta asubuhi na kukosa hata skrini ya kuingilia.

Kuna kinga rahisi. Kabla ya kuondoa kitu chochote ambacho mtumiaji hakuagiza kiondolewe, apt ya Ubuntu 22.04 na 24.04 huonyesha mstari huu na kusubiri jibu:

The following packages will be REMOVED

Mstari huo unatangaza kwamba vifurushi vilivyoorodheshwa chini yake vitaondolewa. Mtu aliyekusudia kuongeza faili moja akiona orodha ya vitu vitakavyoondolewa, ajibu kwa herufi n, yaani hapana, kisha atafute upya. Kwa sababu hiyo pia, si vyema kuongeza alama ya -y kwenye amri zilizonakiliwa kwa mtu mwingine. Alama hiyo hujibu "ndiyo" kabla mwenye kompyuta hajapata nafasi ya kusoma.

HATUA YA PILI: KUIULIZA HAZINA

Hazina ya Ubuntu ina orodha inayoonyesha kila faili na kifurushi ilimo. Chombo cha kuisoma orodha hiyo kinaitwa apt-file. Huwekwa na kutumiwa hivi:

sudo apt install apt-file
sudo apt-file update
apt-file search libfuse.so.2

Neno sudo huomba ruhusa ya msimamizi, kwa hiyo kompyuta itadai nenosiri. Nenosiri halionekani linapoandikwa, na hilo si kosa. Amri ya pili hupakua orodha, ambayo huwa na ukubwa wa makumi ya megabaiti. Amri ya tatu hutafuta ndani ya orodha hiyo na haitumii bando.

Kila mstari wa jibu huanza kwa jina la kifurushi, kisha nukta mbili, kisha mahali faili itakapokaa. Kwenye Ubuntu 22.04, kifurushi kinachotajwa kwa faili hii ni libfuse2. Majibu yakiwa mengi, mtumiaji achague mstari ambao jina la faili linalingana kabisa na lile la ujumbe, na ambao faili iko kwenye folda ya kawaida ya maktaba, yaani inayoanza kwa /usr/lib au /lib. Faili yenye jina hilo iliyofichwa ndani ya folda ya programu nyingine haitasaidia.

Baada ya kulijua jina, kinachobaki ni kusakinisha:

sudo apt install libfuse2

Apt ikidai haikijui kifurushi hicho, huenda sehemu ya hazina inayoitwa universe haijafunguliwa kwenye kompyuta hiyo. Hufunguliwa kwa amri ya sudo add-apt-repository universe, ikifuatiwa na sudo apt update, kisha usakinishaji hurudiwa.

JINA LA KIFURUSHI HUBADILIKA

Kwenye Ubuntu 24.04, faili ile ile ya libfuse.so.2 imo katika kifurushi kinachoitwa libfuse2t64. Aliyekariri jina la zamani anaweza kudhani kifurushi kimefutwa, ilhali kimebadilishwa jina tu.

Chanzo cha badiliko hilo ni saa. Mifumo mingi ya kompyuta huhesabu wakati kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970. Hesabu hiyo ikiwekwa katika nafasi ya biti 32, nafasi hujaa tarehe 19 Januari 2038. Watunzaji wa Debian na Ubuntu wamehamishia maktaba nyingi kwenye hesabu ya biti 64, na vifurushi vilivyoguswa vikaongezewa alama ya t64 mwishoni mwa majina yao.

Basi ushauri ulioandikwa kwa ajili ya toleo moja unaweza usifae kwa jingine. Toleo la mfumo hujulikana kwa amri ya lsb_release -a. Wenye Linux Mint wanaweza kutumia amri hizi hizi za apt, wakikumbuka kwamba matoleo ya Mint 21 yamejengwa juu ya Ubuntu 22.04 na yale ya Mint 22 juu ya Ubuntu 24.04.

Kwenye mifumo isiyotumia apt, swali ni lile lile ila amri hubadilika. Fedora hutumia:

dnf provides '*/libfuse.so.2'

na jibu lake ni kifurushi cha fuse-libs. Arch Linux husasisha orodha yake kwa sudo pacman -Fy, kisha hutafuta kwa pacman -F libfuse.so.2, na jibu ni fuse2. Faili moja, majina manne ya vifurushi. Anayekariri jina la faili na namna ya kuuliza atafika popote. Anayekariri jina la kifurushi atakwama kwenye kompyuta ya jirani.

BANDO LIKIWA DOGO

Si lazima kupakua orodha yote ya apt-file ili kutafuta faili moja. Zipo njia mbili zenye gharama nafuu.

Ya kwanza ni kutumia simu. Tovuti rasmi ya packages.ubuntu.com ina sehemu ya kutafuta yaliyomo ndani ya vifurushi. Mtumiaji huandika jina la faili, huchagua toleo la Ubuntu alilo nalo, na jibu huja kwenye ukurasa mmoja. Wenye Debian wana packages.debian.org inayofanya kazi hiyo hiyo.

Ya pili inafaa sana kwenye chumba cha kompyuta cha chuo cha ufundi au kituo cha wadi, ambapo mashine kadhaa zimewekewa toleo moja. Kwenye mashine ambayo programu inafunguka bila shida, huandikwa:

dpkg -S libfuse.so.2

Amri hii haihitaji intaneti. Hutaja kifurushi kilicholeta faili hiyo kwenye mashine husika. Tofauti yake na apt-file ni kwamba dpkg -S huona vifurushi vilivyokwisha kusakinishwa pekee, ilhali apt-file huona hazina yote.

Kifurushi chenyewe kinaweza kupakuliwa mara moja tu kwenye mashine yenye mtandao, kwa amri ya apt download libfuse2. Faili yenye mwisho wa .deb itatokea kwenye folda iliyofunguliwa. Hunakiliwa kwenye flashi, hupelekwa kwenye mashine nyingine, na husakinishwa kwa sudo apt install ikifuatwa na nukta, mkwaju na jina lote la faili, kwa mfano ./ kisha jina. Mashine zote ziwe na toleo moja la Ubuntu na aina moja ya kichakato. Aina hiyo huonekana kwa dpkg --print-architecture, na kompyuta nyingi za mezani hujibu amd64. Kifurushi kikidai vifurushi vingine, navyo vipakuliwe kwa njia hiyo hiyo.

Anayetumia kompyuta ya umma hana ruhusa ya msimamizi, wala hapaswi kuitafuta kwa mlango wa nyuma. Kwa AppImage, anaweza kuandika ./video.AppImage --appimage-extract. Programu itafunguliwa ndani ya folda mpya iitwayo squashfs-root, na humo ataianzisha kwa ./squashfs-root/AppRun. Njia hii haihitaji FUSE wala nenosiri la msimamizi.

YASIYOFAA KUFANYWA

La kwanza ni kupakua faili ya .so yenyewe kutoka tovuti isiyojulikana na kuitumbukiza kwenye folda za mfumo. Maktaba hufanya kazi ndani ya programu inayoiita, na huwa na uwezo wote wa programu hiyo. Vifurushi vya hazina rasmi hutiwa sahihi ya kidijitali, na apt huikagua kabla ya kusakinisha. Faili iliyookotwa haina mdhamini.

Hatari hiyo si ya kufikirika. Tarehe 29 Machi 2024, mhandisi Andres Freund alitangaza kwamba matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya zana za XZ, zinazoleta maktaba ya liblzma, yalikuwa yamefichwa mlango wa siri. Alianza kushuku alipoona kuingia kwenye kompyuta yake kwa njia ya ssh kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Matoleo hayo yalikuwa yamefika kwenye hazina za majaribio za mifumo kadhaa, lakini yaliondolewa kabla ya kuingia katika matoleo thabiti ya Debian na Ubuntu. Waliotumia matoleo thabiti na vifurushi rasmi walisalimika.

La pili ni kulipa jina bandia toleo jingine, kwa mfano kuifanya libfuse3.so.3 ijibu kwa jina la libfuse.so.2. Programu inaweza kufunguka, kisha ikaanguka katikati ya kazi na kupoteza kilichokuwa hakijahifadhiwa.

La tatu ni kutumia amri ya ldd kuchunguza programu isiyoaminika. Ldd huorodhesha maktaba zinazohitajika na kuandika "not found" kwenye zinazokosekana, lakini katika hali fulani huweza kuiendesha programu inayochunguzwa. Kwa programu yenye shaka, objdump -p ikifuatiwa na jina la programu ni salama zaidi, na mistari ya kutazamwa ni ile yenye neno NEEDED. Ikumbukwe pia kwamba ldd haiioni libfuse.so.2 kwenye AppImage, kwa sababu huitwa baada ya programu kuanza. Ujumbe wa terminali ndio wa kutegemewa.

KUHAKIKISHA

Baada ya kusakinisha, mtumiaji huandika:

ldconfig -p | grep libfuse.so.2

Mstari ukitokea, mfumo umeitambua maktaba. Kisha programu hufunguliwa tena. Ikitaja faili nyingine inayokosekana, hatua hurudiwa kwa jina hilo jipya. Ujumbe ukitaja "wrong ELF class", maktaba ipo lakini ni ya biti tofauti na zile za programu. Hapo hutafutwa kifurushi kile kile cha aina inayolingana.

ZOEZI

Programu imekataa kufunguka kwenye Ubuntu na ujumbe unataja libGL.so.1. Ni faili gani inayotafutwa? Ni amri gani itakayotumiwa kuuliza hazina? Ni kifurushi gani kinachofaa?

Majibu: Faili ni libGL.so.1, ikiwa na G na L kubwa. Amri ni apt-file search libGL.so.1. Kifurushi ni libgl1, chenye herufi ndogo zote.

Yule katibu wa kikundi, akifuata hatua hizi, hatahitaji kununua kompyuta nyingine wala kupakua programu mara ya pili. Ataandika jina la faili kwenye karatasi, ataliuliza kwa simu, atasakinisha kifurushi kimoja kidogo, na jioni hiyo hiyo atakuwa akipanga picha za kuku.